Milango ya Treni Haimngoji Bwana Arusi

Nyinyi mnaopanga safari kwa kidole gumba, hebu wekeni simu chini kidogo mnisikilize. Najua mnaweza kupata hoteli ya Roma mkiwa mmesimama foleni ya chapati. Mimi nilipoanza kazi, hoteli hiyohiyo ilihitaji faksi, maombi na uvumilivu, na jibu likija lilikuwa limefifia hadi unaliinua dirishani ndipo ulisome. Sina wivu. Nimestaafu, niko zangu Kanyangi na kuku wangu, na goti langu la kushoto linajua mvua itanyesha lini kuliko redio. Lakini haupiti mwezi kabla kijana hajanipigia: "Auntie Syokau, tunafunga ndoa, tunataka honeymoon Ulaya, tuanzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja tu, na atakayeniuliza tena nitamwambia arudi hapa asome.

Kazi ya kupanga safari nilifundishwa na Bi Rukia. Huyu alikuwa mama wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani, akafungua duka Mwingi, na ukoo ukabaki hapo hadi wakawa wanagombana kwa Kikamba. Yeye alianza kwa kupeleka mahujaji Makka. Baadaye watu wa makanisa nao wakaanza kuja kuulizia Yerusalemu, na mwisho maharusi wakaanza kuja kuulizia Paris. Bi Rukia alishangaa sana. "Fungate kwetu," aliniambia, "ni siku saba ndani ya nyumba, mlango umefungwa, chakula kinaletwa. Hawa wenu wanataka kuitembeza barabarani! Haya, kaa hapo uwapangie."

Akanipa meza, na baadaye akanifungulia ofisi Kitui mjini. Alikuwa mkali, na mimi nilirithi ukali huo bila kulipia. Siku ya kwanza nilipomletea mpango wa maharusi, nilikuwa nimepanga majumba ya makumbusho, mito na makanisa makubwa, najiona bingwa. Hakusoma hata nusu. Alinirudishia karatasi, akasema, "Syokau, sijakuuliza wataona nini. Niambie watatokaje kwenye ndege mpaka kitandani."

Hapo ndipo penye kazi, vijana wangu. Mnara hauhitaji mpangaji. Mnara upo tu, hata ukichelewa utaukuta. Kinachohitaji akili ni maungio: kutoka ndege hadi treni, treni hadi treni, treni hadi hoteli. Watu wengi mnapanga miji kisha mnadhani njia itajipanga yenyewe.

Kwa hiyo shikeni haya. Ingieni Ulaya kwa mji mmoja na mtokee mji mwingine, msirudi mlikoanzia kwa sababu tu tiketi ya kwenda na kurudi imezoeleka. Siku mnayotua msipande treni ya masafa, hata kama mnajisikia wazima, maana uzima wa kwenye ndege ni wa uongo na ndege ikichelewa treni mliyolipia haitawahurumia. Laleni mji huohuo, mkoge, mgombane kidogo kuhusu nani alisahau chaja, kisha kesho msafiri. Viza ombeni kwa nchi mtakayolala kwa muda mrefu zaidi, si ile yenye ubalozi mliosikia unacheka na watu. Na mjue kwamba katika nchi nyingine tiketi ya treni na kiti ni vitu viwili. Unaweza kuwa na tiketi halali kabisa na ukasimama njia nzima ukiwa umekumbatia mkoba, bibi arusi naye amekalia sanduku, anakuangalia.

Kuhusu masanduku nilikuwa na mtihani wangu. Ofisi yetu Kitui ilikuwa chini katika jengo la ghorofa, na juu kabisa kulikuwa na fundi wa nguo. Nilikuwa nawaambia maharusi walete sanduku likiwa limejaa, wapande nalo ngazi hadi kwa fundi wamsalimie, washuke. Aliyerudi akihema alienda nyumbani kupunguza viatu. Walikuwa wananiona mchawi. Lakini hoteli nyingi za zamani kule Ulaya hazina lifti, na nyota zilizoandikwa mlangoni hazikubebei mzigo.

Nimeona mambo. Kulikuwa na kijana wa Kikima, mfanyabiashara wa maparachichi, mchapakazi kwelikweli, aliyetaka nchi saba katika safari moja. Nikamuuliza kama anaenda fungate au kampeni. Akakataa ushauri wangu, akajipangia mwenyewe, na bibi arusi akarudi na miguu imevimba na picha nyingi nzuri za stesheni. Huyohuyo ndiye aliyebeba asali ya Kitui kwenye mkoba wa mkononi, kopo kubwa, ampelekee mwenye hoteli. Askari wa uwanja wa ndege akamwambia hairuhusiwi, ni kama maji. "Asali si maji!" kijana akapandisha sauti. "Mimi nafuga nyuki, unanifundisha asali?" Askari hakutaka mjadala. Basi wale maharusi walikaa kando ya foleni na kijiko cha plastiki wakala asali ile mpaka wakashindwa, na iliyobaki wakawagawia abiria. Walipanda ndege wana kiu ya ajabu. Asali pakieni kwenye sanduku kubwa.

Lakini fungate iliyonifundisha kuliko zote haikuwa ya vijana. Ilikuwa ya Mzee Musyimi na mkewe, Mama Mwikali, watu wa Tseikuru. Haya si ya zamani, nilikuwa nakaribia kustaafu, na WhatsApp tayari ilikuwa imeingia hadi kwenye mabanda ya mbuzi.

Mzee Musyimi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Yeye na mkewe walioana kimila wakiwa vijana, mbuzi wakapelekwa, watoto wakazaliwa, wajukuu wakaja. Ndoa ya kanisani ndiyo ilikuwa inangoja. Mwishowe mchungaji akawabana, wakaibariki ndoa yao, wajukuu ndio waliobeba maua. Binti yao Mwikali, muuguzi kule Kanada, akatuma zawadi: fungate, popote watakapo. Yeye alifikiri watasema Kanada, wamtembelee. Mama akakataa katakata. "Huwezi kufanyia honeymoon kwa mtoto," aliniambia. "Atakuwa anatusikia tukiongea."

Mzee ndiye alikuwa amechagua mahali. Alitoa mfukoni ukurasa wa kalenda ya duka la dawa za mifugo, umekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Picha ilikuwa ya mlima wa kijani, na mbele yake ng'ombe mnene mwenye kengele shingoni, kubwa kama sufuria.

"Madam," akasema, "mimi nataka kuona hii ng'ombe. Hiyo ingine yote unaweza kuongeza vile unataka."

"Hiyo ni Uswisi, Mzee. Vai thina, hakuna shida, tutafika." Nikamgeukia mkewe. "Na wewe Mama, ungetaka kuona nini?"

"Mimi?" Mama Mwikali alivuta kiondo chake karibu. "Mimi nataka kurudi nyumbani."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikawapangia safari ambayo hadi leo naionea fahari: ndege hadi Roma, treni hadi Milano, treni ya kuvuka milima hadi Uswisi kwa ng'ombe wa Mzee, kisha Paris, na ndege ya kurudi itokee Paris. Pale Paris niliwapigania chumba chenye roshani inayotazama mto, kwa bei ambayo mwenye hoteli alinipa ili tu niache kumwandikia. Hakuna hatua ya kurudi nyuma katika mpango ule. Hata Bi Rukia angeutikisia kichwa kwa furaha.

Lakini kuna kitu nilikuwa nimekiona walipoingia. Mzee aliingia, akanisalimia, akakaa, akavua kofia, akaanza habari za mvua. Tulikuwa tumefika kwenye bei ya mbuzi ndipo Mama alipoingia na kiondo, mwavuli na koti la Mzee. Nyinyi wa mjini mtasema ni dharau. Wazee wa kwetu walifundishwa hivyo, mwanaume atangulie aone kama njia ina nyoka, mke afuate na mzigo. Njia ya Tseikuru inavumilia mwendo huo. Treni haivumilii. Treni ya Ulaya inafika, milango inafunguka, inafungwa yenyewe, inaondoka. Hakuna kondakta wa kugonga bati na kupiga kelele kwamba kuna mama anakuja.

Kwa hiyo waliporudi kuchukua barua za viza, nikawaambia tutafanya mazoezi. Ukumbi wa nje ni stesheni, mlango wa ofisi yangu ni wa treni. Mimi ndiye treni. Nikawapa masanduku matupu, nikafungua mlango, nikasema, "Ingieni." Mzee akaingia mikono mitupu, na mimi nikafunga. Mama akabaki nje na masanduku yote. Tukacheka sote, hata yule fundi wa nguo aliyekuwa anapita ngazini. Tukarudia. Mzee akaingia, nikafunga, Mama nje. Safari hii Mzee alicheka peke yake. Tuliporudia tena, ikawa vilevile, ila Mama hakungoja nimfungulie. Aliyaacha masanduku ukumbini, akasukuma mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nyinyi mnacheka," alisema. "Mimi hii mlango naijua."

Mzee akamwangalia.

"Syokau, tulienda Nairobi, watoto wakiwa wadogo. Tulikuwa tunaenda kuona dada yake hospitali. Tukashuka steji, yeye akatangulia, watu wakaingia katikati. Mimi nikashika kofia yake na macho, nikafuata kofia. Nikafuata, nikafuata. Mwenye kofia akigeuka, si yeye. Ni mtu mwingine."

"Lakini si nilikuja?" Mzee akasema.

"Ulikuja. Nilikuwa nimekaa hapo chini kando ya mama wa ndizi mpaka jua ikawa ya jioni. Ulifika hospitali ndio ukaona huna bibi. Na ukikuja uliniuliza nini?" Alimgeukia sasa. "Ulisema, kwa nini unatembea pole pole hivyo?"

Mzee Musyimi alishika kofia yake magotini akaizungusha.

"Nairobi niliuliza watu na Kiswahili," Mama akaniambia. "Huko Ulaya nitauliza na nini? Mwikali asikasirike. Mimi siendi. Huyu mtu atanipoteza."

Nitawaambia ukweli, nilimkasirikia Mzee. Siyo kwa Nairobi tu, watu hupotezana Nairobi kila siku. Nilikasirika kwa lile swali. Mimi pia ni mke wa mtu, najua swali kama hilo linakaa mwilini miaka mingapi. Na nilijua kwamba hapa sipangi tena treni. Mama akibaki, Mzee hangeenda peke yake, binti angeumia, na ndoa ile iliyobarikiwa juzi ingerudi Tseikuru na jambo lake halijasemwa zaidi ya hapo.

Nikatoa sheria ya Bi Rukia, ile ya mahujaji. Makka kuna umati ambao Nairobi ni mchezo, na Bi Rukia hakuwahi kurudi bila mtu wake. Kila msafiri alikuwa na vyake shingoni: tiketi yake, kadi ya hoteli yake, simu yake, pesa zake kidogo. Hakuna mtu kushikiwa. Nikamshonea Mama kifuko, au tuseme fundi wa juu ndiye aliyeshona. Kisha nikawafundisha la kufanya wakiachana. Aliyechukuliwa na treni ashuke stesheni ya kwanza inayofuata, akae kwenye benchi la karibu, asitoke. Aliyebaki apande treni inayofuata ya njia hiyohiyo. Asikimbie, asiite teksi, asianze kupiga mayowe kwa Kikamba.

"Na kuanzia leo," nikamwambia Mzee, "Mama anaingia kwanza. Wewe unafuata, na masanduku yote ni yako."

"Nitembee nyuma ya bibi yangu?" Mzee akauliza kwa sauti ya chini. "Watu wa Tseikuru wakiniona?"

"Mzee, Milano hakuna mtu wa Tseikuru."

"Mtu wa Tseikuru hakosi mahali."

Nikawatoa nje, barabarani. Tukapanda na kushuka ile barabara ya soko, Mama mbele na kifuko chake kifuani, Mzee nyuma akivuta masanduku mawili yanayorukaruka kwenye mashimo. Mama mmoja muuza sukuma akaacha kukatakata, akapaza sauti, "Mzee! Leo ni wewe unachungwa?"

Watu wakaangua kicheko. Nikafikiri basi, tumemaliza, Mzee ataacha masanduku hapo aende zake. Lakini Mama Mwikali naye alikuwa anacheka, amesimama katikati ya barabara, ameshika mbavu, na Mzee alipoona anacheka akavuta masanduku kwa nguvu zaidi ili aendelee. Tuliporudi ofisini tukajaribu mlango. Mama akaingia bila kugusa fremu. Tukarudia, akaingia. Akakaa, akanywa maji, akasema, "Haya. Andika tiketi."

Walisafiri. Roma ilienda vizuri, isipokuwa Mzee aliona yale magofu yao akaniandikia kuuliza kama hizo nyumba hazingemalizwa kujengwa kwanza kabla ya watu kulipishwa. Mama alinitumia picha ya kitanda cha hoteli, kitanda tu, kimetandikwa. Milano wakabadilisha treni bila shida. Halafu Mzee akafika kwenye milima yake. Alinitumia ujumbe wa sauti usio na neno hata moja, ni kengele tu, na kwa mbali mtu anacheka peke yake. Niliuweka masikioni mwa kila mteja aliyeingia wiki hiyo.

Siku waliyokuwa wanaondoka Uswisi kwenda Paris nilikuwa ofisini, nakula muthokoi mchana. Simu ikalia. Mzee alikuwa amezoea kuniita Madam.

"Syokau," akasema, "treni imeenda na Mama."

Nikaweka kijiko chini. Nikamwambia anieleze, na akanieleza, akirudia maneno. Walikuwa kwenye stesheni ndogo ya kubadilishia, kule milimani. Treni ikaja. Mama akaingia kwanza kama tulivyofunza. Mzee akapandisha sanduku, akapandisha la pili. Akasikia kengele nyuma yake. Ng'ombe walikuwa wanapitishwa barabara ya kando ya stesheni, kundi zima, na wa mbele amevishwa maua kichwani.

"Niligeuka kidogo tu," Mzee akasema. "Kidogo tu, Syokau. Nikirudisha macho, mlango umefunga. Alikuwa ananiangalia kwa dirisha. Nimempigia simu, imezimwa."

Sauti yake ikakatika. Nimewahi kusikia wanaume wakilia kwenye simu kwa sababu ya viza, lakini huyu hakuwa analilia viza. Alitaka kukimbia kufuata reli. Alitaka polisi. Alimwona mtu mwenye gari na alikuwa tayari kulipa chochote.

"Mzee," nikamwambia, na nilikaza sauti hivyo kwa makusudi, "sheria yetu inasema nini?"

"Napanda treni inafuata."

"Na Mama anafanya nini?"

"Anashuka. Anakaa kwa benchi."

"Basi amekaa kwa benchi."

"Unajuaje?"

"Kwa sababu ule mlango wa ofisi yangu ni nani alifaulu kila mara? Ni wewe?"

Akauliza, polepole, "Na kama hakushuka?"

Nilimwambia apande treni ikija, aangalie upande wa mabenchi kwenye stesheni ya kwanza, na asimalize chaji ya simu yake kwa kupiga ovyo. Akakubali. Nikabaki na muthokoi wangu unapoa, nikijaribu simu ya Mama, imezimwa, najaribu tena, imezimwa. Niliogopa, sitawadanganya. Niliona yule mama wa ndizi wa Nairobi ambaye sijawahi kumwona, na nikawaza kwamba kule hata ndizi za kukaa kando yake hazipo. Lakini pia nilimwona Mama akiingia mlangoni kwangu bila kugusa fremu. Nikaamua kumwamini huyo. Ukishampanga mtu vizuri, na yeye akafanya mazoezi, kazi yako iliyobaki ni kumwamini, na hiyo ndiyo ngumu kuliko kutafuta hoteli.

Ili nisikae bure nikafungua kompyuta. Nikatafuta treni nyingine za kwenda Paris, nikapata. Nikaiandikia hoteli kwamba wageni wangu watachelewa kidogo, wasiguse kile chumba chenye roshani. Kila kitu kilikuwa bado kinawezekana. Simu ilipolia tena, namba ilikuwa ya Mzee, lakini sauti ilikuwa ya Mama Mwikali.

"Syokau, umekula?"

"Mama! Umefika wapi? Mzee amefika?"

"Amefika. Macho nyekundu. Mimi nilishuka tu, vijana wawili wakanisaidia na masanduku, nikakaa. Kuna mto hapa."

"Na simu yako ilikuwa imezimwa kwa nini?"

"Nilikuwa naweka charge kwa treni, nikasahau kuiwasha."

"Uliogopa?"

Alifikiria. "Kidogo tu, hapo mwanzo. Halafu nikajiangalia, nina tiketi yangu, nina pesa yangu, na masanduku yote niko nayo. Nikasema, leo wacha yeye ndiye atafute." Akacheka. "Na kumbe huyu mtu anajua kugeuka nyuma. Shida ni vile mimi sikuwa na kengele."

Nilicheka mpaka nikafuta macho. Kisha nikarudi kwenye kazi yangu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikamwambia kuna treni, wasitoke stesheni, wabadilishe mji unaofuata, jioni watakuwa Paris, na chumba nimewashikia.

"Paris kuna nini?" Mama akauliza.

Nikashangaa. Nikamweleza mnara, nikamweleza mto na mashua, nikamweleza ile roshani, jinsi asubuhi utaletewa chai pale nje na mji wote uko chini yako. Nilieleza kwa dhati, maana chumba kile nilikuwa nimekitolea jasho.

"Tutakaa hapa," akasema.

"Hapo ni wapi?"

"Sijui jina. Kuna hoteli ng'ambo ya barabara, iko na maua kwa dirisha. Mtu wao amekuja akachukua masanduku."

Hapo nikawaka. Nikamwambia Mama, huo mji sio kwenye mpango, hakuna kitu hapo, sijui hoteli hiyo ni ya aina gani, na watu wanalia usiku na mchana kupata Paris. Nikamwambia hakuna bibi arusi duniani aliyewahi kuniambia nimfutie Paris. Nilisema mengi. Alinisikiliza hadi nikamaliza, halafu akashusha sauti, akaanza kunong'ona, na nikaelewa kwamba Mzee yuko hapohapo karibu naye.

"Syokau, sikia. Tangu ashuke hiyo treni amenishika mkono. Hata sasa ninaongea na mkono moja. Tangu anioe hajawahi kunishika mkono mbele ya watu, hata siku ya kanisa alishika Biblia. Hapa hakuna mtu anamjua. Tukipanda treni itabidi abebe masanduku, na ataniachilia."

Nikafuta Paris yote, pamoja na chumba chenye roshani, na sikumuuliza swali lingine.